Nyumba Iliyonong'ona

Kila siku alasiri, shule ikishafungwa, Mkato alipitia mlango wa nyuma wa kiwanda cha uchapaji, akapanda juu ya marobota ya karatasi, akatulia amsikilize babu yake akisoma. Vumbi la karatasi lilielea katika mwanga wa dirisha kama unga uliosahau kuanguka. Katika chumba cha pili mashine kubwa ilikwenda tu-ka-ta, tu-ka-ta, na mara nyingi Mkato hakujua kama yuko macho au ameshaanza kuota.

Kazi ya Babu ilikuwa kusoma kwa sauti. Kabla ya kitabu kuchapwa nakala nyingi, ilitolewa nakala moja ya majaribio. Babu alishika maandishi aliyoleta mteja, akayasoma neno kwa neno pamoja na alama zake zote. Ng'ambo ya meza alikaa rafiki yake, Mzee Miwani, akifuata katika nakala ya majaribio kwa kalamu nyekundu. Mstari ukiwa sawa, aliutia tiki. Ukiwa na kosa, aliuzungushia duara.

"Mvua mkato upepo mkato na jua kali nukta," Babu alisoma. "Aya mpya."

Ndipo hata jina la Mkato lilipotoka. "Alama ile ni ndogo," Babu alikuwa akisema, "lakini ukiiona unapumzika kidogo ndipo uendelee. Na mimi nikimwona huyu, napumzika."

Zamani sauti yake ilijaa chumba kizima na kuipita mashine. Ilikuwa nzito na laini, na Mkato alipokuwa mdogo alidhani maneno yote ya vitabuni yanazaliwa kinywani mwa babu yake. Sasa ilikuwa imekauka. Ilikwaruza kama kiatu kwenye mchanga, na kila jua lilipopungua nayo ilipungua, hadi ikabaki pumzi tupu. Mkato alikuwa akijiinamisha mbele juu ya robota ili aikamate kabla haijapotea.

Siku hiyo alikuwa amejiinamisha hivyo hivyo, macho nusu yamefumba, mlango wa mbele ulipofunguka kwa kishindo na kugonga ukuta.

Aliingia muuguzi mkuu wa zahanati. Mkono mmoja alishika vipeperushi vilivyofungwa kwa kamba, mwingine kipeperushi kimoja.

"Hamjambo wazee," alisema, lakini uso wake haukuwa wa salamu. "Hiki alikisoma nani?"

Mzee Miwani alikipokea. Kilikuwa kipeperushi cha kuwaeleza wazazi namna ya kumtengenezea mtoto anayeharisha maji ya kumrudishia nguvu. Maandishi ya muuguzi mwenyewe yalisema: maji safi na salama lita moja, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko kidogo. Kipeperushi kilikuwa kimegeuza. Chumvi ndiyo iliyopewa vijiko sita.

"Mtoto mgonjwa akinyweshwa chumvi kiasi hicho, anaweza kufa," alisema muuguzi. "Bahati nilikaa nikakisoma kabla ya kuvigawa. Vyote viko hapo nje kwenye mkokoteni, hakuna hata kimoja kilichotoka."

Mashine ilizimwa. Mkato hakuwahi kujua chumba kile kina ukimya mkubwa namna ile.

Mzee Miwani alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Kosa ni langu," alisema. "Ukurasa huo sikuusikia."

"Hukuusikia, ukautia tiki?"

"Niliona midomo yake inacheza."

"Si ungemwambia arudie, mzee wangu!"

"Nilishamrudisha mara tatu asubuhi ile, Sista. Nikaona haya. Miaka ishirini na sita tumekaa meza hii, kabla ya siku hiyo sikuwahi kumwambia arudie."

Babu alifungua kinywa aseme kitu. Ikatoka pumzi tu, kama mtu anayepuliza chai. Muuguzi alimtazama vizuri, na uso wake ukabadilika.

"Baba, sauti hii ina muda gani?"

Babu alimtazama Mkato. Mkato alikwishajua la kusema. Alikuwa amelisema kwa mama yake, kwa majirani, hata kwa mwenye duka.

"Ni mafua tu," alisema haraka.

Muuguzi alivuta kiti, akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, akaikunja na kuiweka katika mfuko wa shati la Babu kwa mkono wake mwenyewe.

"Vipeperushi mtavichapa upya," alisema. "Koo hatuwezi kulichapa upya. Nenda."

Mkato alipokuwa akirudi nyumbani na babu yake jioni hiyo, alikumbuka jinsi mambo yalivyoanza. Alikuwa darasa la nne. Jioni moja Babu alirudi kutoka kazini na sauti ya kukwaruza, akasema ni vumbi la karatasi. Wiki zikapita. Akanunua peremende za kifua, akazinyonya mfululizo. Akanywa maji ya moto. Kisha akaanza kunong'ona ili, kama alivyosema, aitunze sauti ibaki kwa ajili ya kazini.

Na hapo likatokea jambo la ajabu. Mtu akikunong'oneza, nawe unamjibu kwa kunong'ona bila kujua. Mkato alianza. Mama yake akafuata. Mama alikuwa akipiga pasi kwa dobi kutwa nzima na jioni alirudi amechoka, kwa hiyo kunong'ona hakukumgharimu kitu. Hatimaye nyumba nzima ilinong'ona. Vijiko viliwekwa mezani taratibu. Milango ilisukumwa kwa kidole. Hata paka aliingia kama mgeni. Wageni nao, wakishakunywa kikombe cha kwanza cha chai, walijikuta wananong'ona na hawajui kwa nini.

Mkato aliipenda nyumba hiyo. Ilikuwa kama kuishi ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Tena, Babu hakusikika vizuri na mtu yeyote isipokuwa yeye. Watu walipomwuliza Babu jambo, walimgeukia Mkato. "Anasemaje?" waliuliza, na yeye, aliyezoea kujificha nyuma ya nguo za mama yake, alijibu. Kwa mara ya kwanza alikuwa mtu anayehitajika.

"Wakiuliza," Babu alimwambia siku moja, "sema ni mafua. Sawa? Hii ni siri yetu mimi na wewe."

"Sawa, Babu."

Shuleni mambo yalikuwa tofauti. Mwalimu alipomwinua asome, alisoma kwa mnong'ono. Kibonge, waliyekaa naye dawati moja, alimpiga kiwiko.

"We, nyumbani kwenu kuna mtoto amelala au?"

Darasa lilicheka. Mkato alicheka pia kidogo, lakini ndani alihisi baridi. Aliwaza: kama sauti ya Babu itaisha kabisa, Babu atakuwa nani? Alijibu mwenyewe upesi upesi kwamba ni mafua, na mafua huisha.

Siku ya kwenda hospitali, Mama alitaka kuomba ruhusa kazini. Babu alikataa.

"Nitakwenda na Mkato," alinong'ona. "Anajua kunisemea."

Chumba cha daktari kilikuwa cheupe na kidogo. Feni ilizunguka juu yao. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya polepole, na alimkaribisha Babu kama anayemkaribisha mzazi wake.

"Shikamoo, baba. Pole na safari. Hebu niambie, sauti imekauka tangu lini?"

Babu alinong'ona. Feni ililichukua neno lake.

Daktari alimgeukia Mkato. "Anasemaje?"

"Anasema wiki mbili."

Kalamu ya daktari iliinama juu ya karatasi. Mkato aliiona ikiandika. Ilikuwa kalamu ya bluu, lakini machoni pake ilikuwa nyekundu, na daktari alikuwa Mzee Miwani anayetia tiki kwenye mstari ambao hakuusikia. Aliwaona watoto ambao karibu wanyweshwe chumvi, kwa sababu watu wawili wema waliona haya. Na sasa watu wawili walikuwa wakifanya vile vile tena, na mmoja wao ni yeye.

"Lakini," alisema.

Ilitoka kwa mnong'ono. Akajaribu tena, na sauti yake mwenyewe ikamshtua kwa ukubwa wake.

"Lakini si kweli. Ilianza nikiwa darasa la nne. Sasa niko la tano, muhula wa pili. Kwanza ilikuwa inakauka jioni tu. Sasa hivi hata asubuhi haipo. Na si mafua. Hajawahi kupiga chafya."

Babu hakugeuka. Alitazama ukuta mbele yake, na mikono yake ilibana kofia yake magotini mpaka ikakunjamana.

Daktari alikata alichoandika, akaandika upya. Kisha aliweka kalamu chini. "Asante, binti. Baba, usimkasirikie. Wiki mbili ningekupa maji na mapumziko, nikakurudisha nyumbani. Lakini sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, sibahatishi. Naangalia."

Aliangalia kwa mrija mwembamba wenye taa nchani, aliouingiza taratibu puani mwa Babu. Kwenye kioo pembeni ilitokea picha. Mkato aliona mapazia mawili madogo, meupe, yaliyofunguka na kukutana, yakafunguka tena na kukutana.

"Hizo ndizo nyuzi za sauti," daktari alieleza. "Tukiongea, zinakutana na kutetemeka. Sasa tazama huu upande wa kushoto."

Palikuwa na kinyama kidogo, kama punje ya mchele. Mapazia yalipotaka kufungana, punje iliyazuia, na pumzi ikavuja.

"Ni nini?" Mkato aliuliza.

"Sijui bado. Wazee wengi hudhani sauti imechoka kwa uzee tu, na kweli uzee unaweza kuipunguza nguvu. Lakini kwa nje vyote vinasikika sawa: uzee, kinyama kama hiki, hata saratani. Nitakitoa, kipelekwe maabara. Tukisubiri majibu, baba, hutasema neno lolote kwa siku kumi."

Babu alitikisa kichwa kukubali, akanong'ona kitu.

"Na kunong'ona hapana!" alisema daktari. "Umekuwa ukidhani unaipumzisha sauti? Kunong'ona kwa kujilazimisha nako kunazichosha hizo nyuzi. Andika kwenye daftari."

Njiani kurudi, Babu alitangulia. Siku zote walitembea bega kwa bega, mkono wa Mkato ndani ya kiganja chake. Siku hiyo alitembea hatua kumi mbele, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, na hakugeuka hata mara moja. Mkato alifuata kivuli chake juu ya njia, akijitahidi asikikanyage.

Jioni Mama alisoma barua ya daktari, akaketi.

"Darasa la nne?" alimwuliza Mkato. "Muda wote huo uliniambia mafua?"

"Ndiyo, Mama. Naomba unisamehe."

Mama aliikunja barua ile polepole. "Na mimi nilikuwa naona," alisema. "Nilipenda kuamini."

Babu alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani siku ya pili akiwa na daftari na kalamu ya risasi shingoni, zimefungwa kwa uzi. Zikaanza siku kumi za ukimya.

Mzee Miwani alikuja kila alasiri. Alivuta kiti karibu, akainamia sikio la Babu, akapaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde.

"UNAENDELEAJE, NDUGU YANGU?"

"Mzee Miwani!" Mama alisema kutoka jikoni. "Amekatazwa kusema, hakukatazwa kusikia!"

Babu alicheka bila sauti, mabega yakitetemeka. Akaandika: *Mwacheni. Ananilipa miaka ishirini na sita ya makelele yangu.*

Mkato alisoma kila kilichoandikwa katika daftari lile. *Chai. Dirisha. Gazeti liko wapi? Uji una moto.* Babu alipokuwa amelala, alifungua kurasa za nyuma, akitafuta. Alitaka neno moja tu kuhusu siku ile, hata kama ni la ukali. Halikuwapo. Babu alimtazama mara kwa mara kwa macho mapana yasiyosomeka, kisha akayarudisha dirishani. Nyumba haikunong'ona tena. Ilikuwa kimya kweli sasa, kimya cha chini ya maji, na Mkato alielea ndani yake siku baada ya siku akijiuliza kama amempoteza babu yake kwa kujaribu kumwokoa.

"Kibonge," alimwuliza rafiki yake siku ya nane, "ukisema siri ya mtu ili apone, umemsaliti?"

Kibonge alifikiri huku akitafuna ncha ya kalamu. "Amepona?"

"Bado hatujui."

"Basi akipona mwulize yeye. Mimi nitajuaje?" Kisha akaongeza, "Lakini siku hizi unasikika. Ni afadhali. Nilikuwa nimechoka kukutafsiria kwa mwalimu."

Siku ya kumi waliitwa hospitali, na safari hii Mama alikuwapo. Daktari alisoma karatasi ya maabara, akainua macho akitabasamu.

"Si saratani. Ni kinyama cha kawaida, kilichotokana na kuitumia sauti kwa nguvu miaka mingi, kushindana na mashine. Tumekitoa chote."

Mama alifunika uso kwa mikono miwili.

Mtaalamu wa sauti, kijana mchangamfu, alimfundisha Babu kupuliza mrija ndani ya glasi ya maji huku akivuma *uuu*, mapovu yakipanda. "Unapasha nyuzi joto, mzee. Fanya kila siku. Kunywa maji ya kutosha. Kiwandani, mashine ikiwa inakwenda, usisome. Wazime, au wewe uhamie chumba kingine. Usishindane na chuma. Leo unaruhusiwa kusema dakika tano tu, tena taratibu."

"Sema sasa, Baba!" Mama alimhimiza.

Babu alitikisa kichwa kukataa. Akaandika: *Nyumbani.*

Nyumbani jua la alasiri lilikuwa limelala sakafuni. Mzee Miwani alikwishafika, anasubiri kizingitini, na safari hii hakupaza sauti. Mama aliandaa chai, lakini hakuna aliyeimimina. Wote walimtazama Babu. Yeye alikaa kwenye kiti chake, akavua lile daftari shingoni, akaliweka kando. Kisha akamwita Mkato kwa mkono.

Mkato alisogea akasimama mbele yake, macho chini.

"Mjukuu wangu," Babu alisema.

Ilikuwa sauti mpya. Ilikuwa chini kuliko ile ya zamani, na nyembamba pembeni, lakini ilikuwa sauti. Ilifika mpaka mlangoni.

"Siku ile nilitembea mbele yako. Ulidhani nimekasirika?"

Mkato alitikisa kichwa kukubali.

"Nilikuwa nalia. Sikutaka uone." Alipumzika, akavuta hewa kama alivyofundishwa. "Kaka yangu mkubwa alianza hivi hivi, sauti ikakauka. Alikwenda hospitali akiwa amechelewa sana, na hakurudi. Yangu ilipokauka, nilijua pale pale kwamba si mafua. Nilijua. Nikaogopa kulisikia jina la ugonjwa, nikachukua woga wangu nikaupa mtoto aubebe, nikauita siri yetu."

Mzee Miwani alijikohoza.

"Sikia. Ugonjwa haupungui kwa kufichwa. Unapata muda tu wa kukua. Mtu akikuambia umfichie maradhi yake, usikubali, hata kama unampenda. Hata kama ni mimi. Hasa kama ni mimi. Mwambie mkubwa mwingine, mwambie daktari, sema kwa sauti asikie. Wewe ulisema. Mimi, mwenye kazi ya kusema, nilishindwa."

"Babu, dakika tano zinakwisha," Mkato alisema, machozi yakimtiririka.

"Najua. Limebaki neno moja, na hili siwezi kuliandika kwenye daftari. Siku zote kumi nilitaka kuliandika, nikaona si la kuandikwa."

Alimshika mikono yote miwili. Alisema kwa sauti iliyosikika na kila mtu mle ndani, bila kunong'ona.

"Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe."